Krismasi Huamuliwa Juni

Barua ya wazi kwa mameya na madiwani, wakuu wa maduka makubwa, na viongozi wa makanisa

Waheshimiwa,

Nawaandikia habari za Krismasi katikati ya mwaka, na kalenda ninayo. Nikingoja Desemba nitawakuta mmeshamaliza kazi. Taa za mitaani zitakuwa juu ya nguzo, makontena ya mapambo yatakuwa yameshafunguliwa, karatasi za kufungia zawadi zitakuwa zimejaa kwenye rafu, na mkataba wa magari ya taka utakuwa umetiwa saini pasipo neno hata moja juu ya mti wa Krismasi. Kitakachobaki ni lile tangazo la kila mwaka linalotuhimiza sisi wenye nyumba tusherehekee "kwa kujali mazingira".

Tangazo hilo tunalijua kwa moyo. Tunzeni karatasi za mwaka jana. Zimeni taa mkilala. Nunueni vichache, pikeni kinacholika kikaisha. Sina ugomvi na ushauri huo, na wengi wetu tumekuwa tukiufuata tangu kabla haujaandikwa, kwa kuwa tulilelewa na watu wasiotupa utepe ulio mzima. Nisichokubali ni kwamba umewapa ninyi mapumziko. Mambo makubwa ya sikukuu hii hayaamuliwi sebuleni mwangu. Yanaamuliwa kwenye ofisi ya ununuzi, kwenye kikao cha zabuni, kwenye oda inayotumwa kiwandani miezi mingi kabla bidhaa haijafika dukani. Yanaamuliwa wakati kama huu, ambapo hakuna anayeifikiria Krismasi, na labda ndiyo maana hakuna anayewauliza.

Basi nauliza mimi.

Nianze na mti, maana ndio unaogombaniwa kuliko vyote. Kila mwaka mabishano ni yaleyale: mti halisi au mti bandia? Mmoja anasema ukikata mti umeharibu msitu, mwingine anajibu kwamba plastiki haiozi. Wote wawili wanabishana juu ya nusu ya kwanza ya hadithi. Carbon Trust, shirika la Uingereza linalokokotoa hewa ukaa inayotokana na bidhaa, lilikadiria kwamba mti bandia wa mita mbili unabeba takriban kilo 40 za hewa ukaa, sehemu kubwa ikitoka kwenye mafuta yanayotengenezea plastiki yake na nishati ya kiwandani. Mti halisi wa urefu huohuo ukiishia jalalani ni kilo 16. Mti huo halisi ukisagwa ukawa matandazo ya bustani ni kilo 3.5.

Naomba mzisome tena tarakimu mbili za mwisho. Mti ni uleule, umekatwa shamba lilelile, umekaa sebule ileile. Tofauti yote inazaliwa baada ya sikukuu. Mti uliofukiwa jalalani chini ya taka nyingine hukosa hewa, na kitu kinachooza bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa hesabu ya miaka 100 huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na kwa hesabu ya miaka 20 huzidi mara 80. Mti uliosagwa na kutandazwa juu ya udongo huoza polepole penye hewa, na unachokitoa ni kidogo mno kulinganisha. Sasa niambieni, mwenye nyumba ataamuaje hilo? Hana mashine ya kusaga shina. Hana lori. Anachoweza ni kuuburuta mti hadi nje ya lango na kuuacha hapo. Kutoka hapo, gari lenu ndilo linaloamua iwe 16 au iwe 3.5.

Wako walioamua. Jijini New York, kila Januari watu hupeleka miti yao kwenye bustani za umma katika zoezi liitwalo Mulchfest, inasagwa, na vipande vyake vinarudi kufunika udongo wa bustani na mashina ya miti ya mitaani. Huko Louisiana, kusini mwa Marekani, ambako vinamasi vya pwani vinamezwa na bahari, miti iliyokwisha kazi hupangwa ndani ya nyuzio za mbao majini ili ivunje mawimbi na kunasa tope. Lancashire, Uingereza, hufukiwa ufukweni ikiwa imesimama nusu, matawi yakakamata mchanga unaopeperushwa na upepo mpaka matuta yakainuka upya. Hakuna hata mmoja kati ya miradi hii uliosubiri uvumbuzi. Ulimsubiri mtu mmoja ofisini aandike, kabla ya sikukuu, gari lipite siku gani, mti upelekwe wapi, na uwe umevuliwa mapambo yote. Mstari mmoja ndani ya mkataba. Nimetazama jinsi mikataba ya taka inavyoandikwa, kurasa kwa kurasa za faini na namna ya malipo, na sioni kwa nini mstari huo ukose nafasi.

Kuhusu mti bandia sitawachosha. Kwa aliye nao, ushauri ni kubaki nao, kwa sababu kwa hesabu hiyohiyo ya Carbon Trust unahitaji kusimama zaidi ya Krismasi kumi ndipo uushinde mti halisi uliosagwa. Lakini hapo wakuu wa maduka wananihusu. Mti gani mnaotuuzia unaofika Krismasi ya kumi? Mguu wa plastiki hupasuka, matawi hupukutika, na ni nadra kukuta duka linalouza mguu peke yake. Tuuzieni vipuri. Andikeni dhamana ya miaka kumi kwenye boksi, kisha mwone kiwanda kitakavyojifunza kutengeneza mguu wa chuma.

Na ule mti mkubwa wa uwanjani, fahari ya meya? Mwaka 2017 jiji la Roma lilisimamisha mti wake katika uwanja wa Piazza Venezia, ukaanza kupukutika mara tu ulipofika, watu wakaupa jina la utani la Spelacchio, na kabla ya Krismasi yenyewe ukatangazwa kuwa umekufa. Dunia nzima ilicheka. Mimi nilivutiwa na kilichofuata: mbao zake zilijengewa kibanda kidogo cha akina mama kunyonyeshea watoto. Ni mwisho mzuri kwa mti uliodhihakiwa, ingawa bado najiuliza kwa nini mti uliokua kwa miongo ukatwe na kubebwa umbali mrefu ili usimame wiki chache. Uwanja ulio na mti wake, wenye mizizi, hauhitaji kuletewa maiti ya mti mwingine. Kama haupo, upandeni mwaka huu. Mti wa mita mbili huchukua miaka kama saba hadi kumi kukua, kwa hiyo meya atakayeupamba huenda asiwe wewe mheshimiwa, na hilo najua linauma kidogo.

Sasa taa. Hapa nawaomba subira, kwa sababu mnapenda kutuambia suala la taa limekwisha tangu tulipopata LED, balbu zinazokula umeme kidogo.

Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alizungushia mti wake wa Krismasi jijini New York balbu 80 za umeme, na tangu hapo hatujatazama nyuma. Utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa taa za sikukuu nchini humo zilikula kilowati-saa bilioni 6.63 kwa mwaka. Mwaka 2015 taasisi ya Center for Global Development iliiweka tarakimu hiyo kando ya umeme wa nchi nzimanzima: ilizidi matumizi ya mwaka mzima ya Tanzania, ikazidi ya Ethiopia. Taa za mapambo za taifa moja. Ni kweli kwamba hesabu ile ilifanywa wakati balbu za zamani za waya wa kuwaka zilikuwa nyingi, na kwamba LED hutumia nishati pungufu kwa angalau asilimia 75. Kama tungebadilisha balbu tukaacha idadi yake ilivyokuwa, ningenyamaza.

Hatukuiacha. Taa ilipokuwa rahisi kuwasha, tulitundika zaidi, tukaanza mapema zaidi, tukaziacha ziwake hadi alfajiri. Mwaka 2014 wanasayansi wa NASA, wakitumia picha za setilaiti, walionyesha kuwa miji mingi ya Marekani ilikuwa na mwanga zaidi kwa asilimia 20 hadi 50 wakati wa msimu wa sikukuu kuliko siku nyingine za mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutokana na hesabu za maelfu ya watazamaji wa nyota ulikuta anga la usiku limekuwa liking'aa zaidi kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Hilo si la Krismasi peke yake, lakini Krismasi inachangia kwa furaha. Wadudu wa usiku huizunguka taa mpaka wachoke, na ndege wanaosafiri usiku hupotezwa na mwanga wa miji. Bili ya umeme haina safu ya kuandikia hayo.

Je, taa zinaweza kuzimwa mapema bila watu kuandamana? Zinaweza. Mwaka 2022, nishati ilipopanda bei Ulaya, taa za Krismasi za barabara ya Champs-Élysées jijini Paris zilizimwa saa 5:45 usiku badala ya saa 8 usiku, na msimu wake ukafupishwa. Krismasi ilifika vilevile. (Walifanya hivyo kwa sababu ya bili kuliko kwa sababu ya nyota, nakubali. Sababu haijanisumbua.) Ninachotaka kwenye zabuni yenu ya taa ni maneno machache yasiyo na ushairi: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, tarehe ya kwanza na ya mwisho, kikomo cha wati kwa mtaa mzima, na sharti kwamba mnyororo wa taa ukikatika sehemu moja unatengenezeka. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mnyororo wa taa za mapambo ni taka za kielektroniki kama simu ilivyo, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, ambapo ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Waya mwembamba wa taa, wenye shaba kidogo na plastiki nyingi, hauna mchambuzi wa taka anayeukimbilia.

Wakuu wa maduka, sasa nawarudia ninyi.

Zaidi ya nusu ya mapambo ya Krismasi ya dunia yanakadiriwa kutoka mji mmoja, Yiwu, nchini China. Wengine hulitaja hilo kama kashfa. Mimi nalichukulia kama habari njema, kwani maana yake ni kuwa watu wanaoamua pambo la dunia liweje ni wachache, na anwani zao mnazo. Kiwanda hutengeneza kilichoagizwa. Oda ikisema glita, itatiwa glita. Oda ikikataa, haitatiwa.

Glita inanikera kupita kiasi, nalijua, lakini nina sababu. Ule unga wa kumetameta kwenye kadi, kwenye mipira ya mtini na kwenye karatasi za zawadi ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini na kukatwa vipande vidogo sana. Haurejelezwi na hauokotwi; unaoshwa mikononi, unaingia kwenye bomba, unafika mtoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na glita ni mbaya zaidi, kwa sababu maji angalau hukauka. Tena ikishapakwa juu ya karatasi, karatasi nzima inakuwa haifai kwa kiwanda cha kurejeleza. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa glita huru ya plastiki kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023. Kabla ya sheria hiyo, na nje ya mipaka yake, maduka ya Uingereza Morrisons, Waitrose na John Lewis yalikuwa yameshaiondoa glita kwenye bidhaa zao wenyewe za Krismasi mwaka 2020. Hakuna mteja aliyelazwa hospitali kwa kukosa kumetameta.

Karatasi ya kufungia zawadi nayo ina siri yake. Ile inayong'aa kama kioo mara nyingi ni plastiki, au ni karatasi iliyogandishwa na utando wa plastiki, na viwanda vya karatasi huikataa. Tumefundishwa mtihani wa nyumbani: ikunje ndani ya kiganja, ukiifumbua mkono ikajikunjua, ni plastiki, ikibaki imejikunja, ni karatasi. Mtihani ni mzuri, nimewafundisha na watoto. Ila tazameni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mamilioni ya watu waamke asubuhi ya tarehe 26 wakunje karatasi moja moja kujua ipi ni ipi, wakati mnunuzi wenu mmoja angeweza kuandika "karatasi tupu, bila utando, bila glita" na kazi ikaisha Juni.

Niongeze sweta. Mwaka 2019 shirika la hisani la Hubbub la Uingereza lilichunguza masweta ya Krismasi, yale yenye picha za kulungu na theluji, likakuta asilimia 95 yametengenezwa yote au kwa sehemu kwa nyuzi za plastiki. Nguo inayovaliwa siku moja imeshonwa kwa malighafi itakayodumu karne. Hata mtu akitaka kulivaa tena, picha yake imeshamfungia miezi kumi na moja. Kama ni lazima myauze, yauzeni bila tarehe wala kichekesho cha mwaka huo, na wekeni sehemu ya kuyarudisha na kubadilishana.

Halafu vile visivyouzika. Tarehe 27 Desemba bidhaa ya Krismasi hushuka thamani kwa usiku mmoja, na mnajua kuliko mimi inapokwenda ile isiyobebwa hata kwa punguzo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 inayokataza kuteketeza bidhaa zisizouzwa, kama ilivyokwisha kufanya mwaka 2016 kwa maduka makubwa ya vyakula, yasiharibu chakula kinacholika bali yakubaliane na mashirika ya hisani kukichukua. Umoja wa Ulaya nao umepanga marufuku ya kuteketeza nguo na viatu visivyouzwa ianze kwa makampuni makubwa Julai 2026. Hamhitaji kusubiri bunge. Agizeni pungufu. Duka lililobakiwa na rafu mbili tupu mkesha wa Krismasi halijafilisika; limehesabu vizuri.

Chakula ningekipa ukurasa wake, ila kimesemwa sana, na si cha Desemba peke yake. Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hilo la majumbani nalikubali bila kujitetea. Lakini ofa za "nunua viwili upewe cha tatu" kwenye vitu vinavyooza ndani ya siku nne hazikuandikwa na majumba. Na halmashauri isiyo na pipa tofauti la mabaki ya chakula imeshaamua, kwa niaba yetu sote, kwamba mabaki hayo yakutane na ule mti kule jalalani.

Baba Maaskofu, Wachungaji, Mapadre, nimewaweka mwisho kwa heshima, maana sikukuu ni yenu kabla ya kuwa ya wafanyabiashara.

Mnakumbuka Greccio. Mwaka 1223 Fransisko wa Asizi aliandaa usiku wa Noeli katika kijiji kile cha Italia kwa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Betlehemu. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake anaeleza kwamba hata zile nyasi hazikutupwa. Zilihifadhiwa, wakalishwa wanyama wagonjwa. Miaka mia nane baadaye, mapango yetu mengi ya Krismasi yana theluji ya povu la plastiki, nyota ya betri, na sanamu mpya kila baada ya muda kwa sababu zile za zamani zimechakaa rangi. Rangi hupakwa upya. Najua, kwa kuwa nimewahi kukaa kwenye kamati ya mapambo ya kanisa, na mjadala mrefu kuliko wote ulikuwa juu ya kununua, kamwe si juu ya kukarabati.

Maneno hamjakosa. Papa Fransisko aliandika waraka mzima juu ya kutunza dunia mwaka 2015, na tangu mwaka 1989 Kanisa la Kiorthodoksi, kwa wito wa Patriarki Dimitrios, limetenga tarehe 1 Septemba kuombea uumbaji. Kilichopungua ni waraka mwingine, mfupi, usio na teolojia, unaokwenda kwa kila mhasibu wa parokia na usharika: mwaka huu hatununui pambo jipya la plastiki, parokia jirani zitaazimana, mishumaa ni ya nta wala si ya betri, zawadi za watoto wa jumuiya hazitakuwa vile vichezeo vya jumla vinavyovunjika kabla ya ibada ya pili. Mnaongoza majengo mengi na manunuzi ya pamoja ambayo meya yeyote angeyatamani. Na mnazo wiki nne za Majilio, kipindi cha kungoja, mlichokiachia maduka kikawa kipindi cha kukimbizana. Mkitaka taa za mitaani zianze kuwaka Desemba badala ya Novemba mapema, kuna sauti gani yenye haki zaidi ya kulisema hilo?

Najua majibu mnayoyaandaa. La kwanza ni ajira: tunaua biashara ya msimu. Sitawadanganya, wako watakaouza pungufu, hasa wauzaji wa vitu vya kutumika mara moja. Lakini kusaga miti ni kazi, kukarabati taa ni kazi, kupaka sanamu rangi ni kazi, kuchambua taka zisizo na glita ni kazi yenye kipato bora kuliko kuchambua zenye glita. La pili ni kwamba Krismasi ni sehemu ndogo ya uchafuzi wa mwaka mzima. Ni kweli pia. Mitambo ya umeme na magari havina likizo. Basi na tukubaliane kwamba hili ni dogo, kisha tuulize kwa nini jambo dogo, linalorudi kila mwaka kwa wakati uleule, linawashinda. Hakuna mzigo wa taka unaotangazwa mapema kama huu. Tarehe 25 Desemba haijawahi kumshtukiza ofisa yeyote, na hata Waorthodoksi wanaosherehekea tarehe 7 Januari, siku yao haihami.

La tatu sitalijibu kwa urefu: kwamba watu watalalamika tunawanyima furaha. Watu tunaoishi nao tunawajua. Wanalalamika kuhusu kelele, foleni, madeni ya Januari na jalala linalonuka. Sijakutana na anayelilia glita.

Ombi langu la kwanza, basi, halihusu kukata chochote. Pimeni. Magari ya taka hupita kwenye mizani. Toeni tani za wiki mbili baada ya Krismasi kando ya tani za wiki mbili za kawaida, pamoja na uniti za umeme wa taa za mapambo, na mzibandike pale tunapoweza kuziona. Wenye maduka, tangazeni ni bidhaa kiasi gani za msimu zilibaki na zilikwenda wapi. Tarakimu hizo zikiwa mezani tutabishana vizuri zaidi, na huenda baadhi ya niliyoyasema hapa yakapungua uzito na mengine yakaongezeka.

La pili lina muda. Kabla ya kusaini mikataba ya taa, mapambo na taka ya msimu ujao, wekeni rasimu zake hadharani kwa siku 14 tuzisome. Natafuta mambo matano tu ndani yake: saa ya kuzima, kikomo cha wati, mahali pa kusagia miti, marufuku ya glita, na pipa la mabaki ya chakula. Yasipokuwemo nitauliza kwa maandishi kwa nini, na nitauliza tena kikaoni.

Kikao cha kufungua zabuni, kama kiko wazi kwa umma, naomba tarehe yake.

Wenu,
Mkazi, mlipakodi, na mshiriki wa kwaya